Sir John Harington na Mashairi Aliyomtungia Mkewe

Katika masomo ya fasihi ya Kiingereza jina la Sir John Harington hupita haraka. Mwalimu husema kwamba alitafsiri utenzi mrefu wa Kiitaliano na kwamba alibuni choo cha kusafishwa kwa maji, darasa linacheka, kisha somo linaendelea kwa Shakespeare. Mimi nasoma lugha za Kiafrika, si Kiingereza. Nilikuwa natafuta mifano ya namna utungo wa lugha moja unavyohamia katika lugha nyingine, nikakutana na mtu aliyechukua mizaha ya Roma ya kale kuhusu wake na waume, akaipeleka nyumbani kwake, akamsomea mke wake mwenyewe na mama wa mke wake. Tangu siku hiyo sijamwacha.

Alizaliwa mwaka 1560, akabatizwa London mwezi wa Agosti. Mama yake wa ubatizo alikuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na heshima hiyo haikuja bure. Mwaka 1554, wakati Mary Tudor anatawala, Elizabeth alifungwa katika Mnara wa London kwa kushukiwa kushiriki katika uasi. Baba yake Harington, ambaye naye aliitwa John, alifungwa humo pia kwa sababu ya uaminifu wake kwake. Mama yake, Isabella Markham, alikuwa mmoja wa wanawake waliomhudumia Elizabeth. Elizabeth alipopata kiti cha enzi hakuwasahau. Kuhusu mali, familia ilikuwa na mashamba ya Kelston karibu na mji wa Bath, nayo yalitokana na ndoa ya kwanza ya baba. Tulikumbuke hilo: nyumba aliyokulia mshairi wetu ilipatikana kwa njia ya ukwe.

Alisoma shule ya Eton, kisha King's College katika chuo kikuu cha Cambridge, kisha akaingia Lincoln's Inn huko London kusomea sheria. Baba alipofariki mwaka 1582 kijana aliacha sheria, akarudi kutunza mashamba. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Rogers, binti wa Sir George Rogers wa Cannington, katika jimbo hilohilo la Somerset. Katika mashairi yake humwita Mall, ambalo ndilo jina la mapenzi la kila Mary katika Uingereza ya wakati ule. Mama mkwe aliitwa Lady Jane Rogers. Hawa wawili, mama na binti, ndio wasomaji wake wa kwanza.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo juu ya epigramu. Ni shairi fupi, mara nyingine la mishororo miwili tu, ambalo linajenga jambo kwa utulivu, halafu mwishoni linachoma. Kama lina mwiba, mwiba uko mkiani. Bingwa wake katika Kilatini alikuwa Martial, mtu wa Bilbilis huko Hispania, aliyefika Roma mwaka 64 na kuishi humo miaka mingi kwa fadhili za matajiri. Mada yake kubwa mojawapo ni ndoa. Kuna mwanamume anayembembeleza mwanamke asiye na uzuri wowote, na tunapojiuliza anampendea nini, tunaambiwa kwamba mwanamke huyo ana kikohozi. Kuna mjane aliyezika waume saba, na juu ya kila kaburi akaandika kwamba kazi hii ameifanya yeye. Kitenzi cha Kilatini kinabeba maana mbili hapo: kujenga kaburi, na kutenda lile lililoleta kaburi. Mzaha mzima umekaa juu ya kitenzi kimoja.

Ila wataalamu wengi wanaona kwamba Martial mwenyewe hakuwahi kuoa. Mke anayesemeshwa katika mashairi yake ni kivuli cha kutungia. Katika sheria ya Roma baba wa watoto watatu alipewa haki za pekee, na mfalme aliweza kumpa haki hizo hata mtu asiye na mtoto. Martial aliziomba, akapewa kama malipo ya mashairi yake. Mara alipozipata alitunga epigramu ya kumuaga mke, akidai kwamba si vizuri zawadi ya mfalme ipotee bure: ikiwa haki ya watoto ameshapewa, mke wa nini tena?

Sasa mpe Harington mfano huo. Yeye ana mke wa kweli, anayesoma, anayekasirika, anayezaa. Jina lake linajulikana na kila jirani wa Somerset. Atafanyaje?

Jambo la kwanza alilolifanya lilimtia matatani. Alitafsiri sehemu ya utenzi wa Ariosto uitwao Orlando Furioso, na katika nyimbo zake zote 46 alichagua wimbo wa 28, ule wa mfalme na rafiki yake waliosalitiwa na wake zao. Wanasafiri kutafuta mwanamke mwaminifu, hawampati, wanarudi nyumbani wakiwa wameridhika na wale waliowaacha. Tafsiri hiyo ilipita mikononi mwa mabinti waliomhudumia Malkia. Inasimuliwa kwamba Malkia alipoiona alimfukuza barazani na kumpa adhabu: asirudi mpaka awe ametafsiri utenzi wote. Kama kisa hicho kiko hivyo kabisa au kimeongezwa chumvi, kitabu kizima kilitoka mwaka 1591, katika beti za mishororo minane kama za Ariosto. Katika picha ya ukurasa wa mbele yuko Harington mwenyewe, na mbwa wake Bungey.

Mwaka 1596 akatoa kitabu cha choo. Jina lake lilicheza na shujaa wa Kigiriki Ajax, ambaye jina lake katika vinywa vya Waingereza wa wakati ule lilisikika sawasawa na neno lao la choo. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya kweli ya tangi la maji, bomba na kizibo, pamoja na vijembe kwa wakubwa, vingine vikimgusa marehemu Earl wa Leicester ambaye Malkia alimpenda sana. Akafukuzwa barazani tena. Sina zaidi la kusema juu ya choo. Wengine wameshasema mengi.

Wakati wote huo alikuwa akitunga epigramu, nazo hazikuchapwa. Zilinakiliwa kwa mkono na kupita kutoka nyumba hadi nyumba. Walengwa wa nje aliwaficha chini ya majina ya Kilatini kama Lynus, Cinna na Galla. Wengi huamini kwamba Paulus wake ni Sir Walter Raleigh. Lakini mkewe hakumficha. Hapo ndipo alipoachana na Martial, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye thamani yake.

Chukua shairi la mbwa. Harington anapita, mbwa mdogo wa mkewe anabweka, naye anampiga kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Mall machozi yanamlengalenga, ananuna, anamkumbusha mumewe methali ya Kiingereza inayosema kwamba anayempenda mtu ampende na mbwa wake. (Sisi tuna boga na ua lake, Waingereza wana mbwa.) Mume anakubali, anambusu, na uso wa mke unakunjuka kama anga baada ya mawingu. Kwa Martial mwiba ungemchoma mwanamke. Hapa mwisho wake unamchora mke kama simba jike, na mume kama mtu aliyempiga mtoto mbele ya mama yake ili kumjaribu, akapata jibu lake. Nani ameshinda? Nimelisoma mara nyingi na bado nadhani ni Mall.

Au lile la mama mkwe, ambalo kwa mwanafunzi wa isimu ni sukari. Lady Rogers analalamika mezani kwamba mtumishi wa kike wa nyumba ya Harington amemvunja mguu mbwa wake jike. Mkwewe anajibu papo hapo kwamba afadhali yule mshenzi angevunjika shingo. Bibi anatulia, ameridhika. Baadaye shairi linafafanua: aliyekusudiwa ni mbwa, si mtumishi. Nilijaribu kuliweka katika Kiswahili nikidhani litakufa njiani, maana ngeli zetu huwa zinafichua mambo. Halikufa. Mtumishi na mbwa wote wawili wamo katika ngeli ya A-WA, wote ni “yule”, na mzaha unapita salama. Katika Kifaransa pia unapita, kwa kuwa wote ni wa kike. Ingekuwa mtumishi amevunja kiti, shairi lisingewezekana kwetu.

Wenzangu niliowasimulia shairi hilo hawakucheka. Kwetu mama mkwe hataniwi. Mtu humpisha njia, hupunguza sauti, na mahali pengine hali naye sahani moja. Utani ni wa bibi na babu, wa shemeji, wa makabila yenye agano la utani. Mmoja aliniuliza: huyo mzungu alikuwa anatafuta nini? Swali ni zuri, na jibu halimpendezi sana mshairi wetu. Lady Rogers alikuwa na mali. Epigramu nyingi alizomtungia zinazungukazunguka palepale, kwamba binti yake Mall asisahauliwe katika wosia, kwamba mkono mpana ni pambo la uzee. Anamchekesha, anamsifia nyumba, anamchokoza, halafu anarudi kwenye urithi.

Lakini shairi ambalo lilinifanya niandike makala hii halina urithi ndani yake. Ni la mwaka wa kumi na nne wa ndoa, yaani 1597 hivi. Fundi wa Uingereza alikuwa akijifunza kazi kwa bwana wake miaka saba, na Harington anahesabu kwamba yeye amekwisha kutumikia mafunzo mawili kamili chini ya Mall. Anataja nyakati za wazimu, za huzuni na za furaha. Anahesabu kazi waliyoifanya pamoja: roho jozi nne, yaani watoto wanane, na wawili kati yao wameshaondoka. Hilo analisema kwa maneno machache, kisha anarudi haraka kwenye mzaha. Anamwambia mkewe asijivune kwa kuwa na mwanafunzi, kwa sababu hata Plowden, mwanasheria mkubwa, alijiita mwanafunzi wa sheria katika maandishi yake. Mwishoni anakiri kwamba, pamoja na bidii yake yote, kadiri miaka inavyopita yeye ndivyo anavyozidi kuwa dhaifu katika kazi ya unyumba.

Ndiyo, mzaha wa chumbani. Hata hivyo turudi kwa Martial na haki yake ya watoto watatu, aliyopewa bila kuzaa hata mmoja na akaifanyia kichekesho. Mwigaji wake amezaa wanane na kuzika wawili, na umbo lilelile la kuchekesha analibebesha kaburi la watoto katikati, bila kulifanya liwe ombolezo. Umbo halikuvunjika. Wale wanaosema kwamba Harington ni mwangwi tu wa Kilatini nadhani wamesoma mishororo ya mwisho wakaacha ya kati.

Hata kwa ufundi wa mizani hakuweza kuwa mwangwi. Martial alipima mishororo kwa urefu na ufupi wa silabi, jambo ambalo Kiingereza hakiliwezi vizuri. Harington aliweka silabi kumi katika mshororo, akafunga kwa vina, mara nyingi viwili viwili. Kina cha mwisho kikawa ndicho chombo cha kuchomea. Ben Jonson hakupendezwa. Miaka michache baada ya kifo cha Harington alisimulia huko Uskoti kwamba mwenyewe aliwahi kuombwa na Harington aseme ukweli juu ya epigramu hizo, akamjibu kwamba hizo ni masimulizi, si epigramu. Ni kweli kwamba ni masimulizi. Kumsimulia mke ugomvi wa jana kunahitaji nafasi zaidi kuliko kumchoma mtu usiyemjua.

Mwezi wa Juni 1599 Askofu Mkuu Whitgift na Askofu Bancroft wa London walipiga marufuku kuchapa satira na epigramu. Vitabu kadhaa vilichomwa moto, kimojawapo kikiwa na epigramu za John Davies pamoja na tafsiri ya Marlowe ya mashairi ya mapenzi ya Ovid. Harington hakuwa na cha kuchomwa, kwa kuwa hakuwa amechapa. Isitoshe hakuwapo. Alikuwa Ayalandi katika jeshi la Earl wa Essex, ambaye alimpa cheo cha “Sir”. Mwezi wa Oktoba, wakati wa kusimamisha vita, alimtembelea Hugh O'Neill, Earl wa Tyrone, mkuu wa waasi, akawasomea wanawe kutoka tafsiri yake ya Ariosto. Vita vyenyewe vilishindwa, Essex akaanguka, na Malkia akamwambia mwana wake wa ubatizo arudi kwake kijijini. Alitii upesi. Mwezi wa Februari 1601 Essex alikatwa kichwa.

Akiwa huko kijijini alifanya lile tendo ambalo kwangu ni kitovu cha maisha yake. Tarehe 19 Desemba 1600 alimpa Lady Rogers nakala ya Orlando Furioso, na ndani yake zimeunganishwa epigramu 52 zilizoandikwa kwa mkono. Katika barua ya kumkabidhi alieleza kwamba ni mizaha aliyomwandikia yeye na binti yake kwa miaka, ambayo ameiokota kutoka karatasi zilizotawanyika. Fikiria bibi mjane akipokea kitabu ambamo utani wote aliotaniwa umekusanywa na kufungwa vizuri. Ni zawadi ya mapenzi. Pia ni kumbukumbu ya madai.

Lady Rogers alifariki mwanzoni mwa 1602, na mali ilileta yale ambayo mali huleta. Harington na shemeji yake Edward Rogers waligombana juu ya nyumba ya Cannington na vilivyomo, mpaka kesi ikafika katika Baraza la Nyota. Miaka ya kuchekesha haikumsaidia. Namhurumia kwa hilo, ingawa si sana.

Krismasi ya mwaka huohuo aliruhusiwa kumwona Malkia, ambaye alikuwa anadhoofika. Alimwandikia Mall barua tarehe 27 Desemba, akamweleza kwa siri jinsi alivyomkuta. Katika kumchangamsha alimsomea mashairi yake machache. Malkia alitabasamu mara moja, kisha akamwambia kwamba atakapousikia wakati ukinyemelea mlangoni pake, michezo kama hiyo itampendeza kidogo. Yeye mwenyewe hamu ya mambo hayo ilikuwa imemwisha. Harington angeweza kumficha mkewe kwamba mashairi yameshindwa. Hakumficha. Malkia alikufa tarehe 24 Machi 1603.

Kilichobaki kinasimulika upesi. Mwaka 1603 alifungwa London kwa deni la jamaa wa upande wa mama yake aliyekuwa amemdhamini, akatoroka huku tauni ikienea mjini. Mwaka 1605 aliomba, bila kuwa padri, afanywe Askofu Mkuu wa Dublin na mkuu wa sheria wa Ayalandi, hakupewa. Mwaka huohuo alimtolea Mwanamfalme Henry, mrithi wa Mfalme James, mkusanyo mkubwa wa epigramu zake katika hati nzuri. Tumaini lake lote alilihamishia kwa kijana huyo. Henry alifariki tarehe 6 Novemba 1612, akiwa na miaka 18. Harington alimfuata baada ya wiki mbili, tarehe 20 Novemba, huko Kelston. Mall alibaki akaishi miaka mingi.

Wachapaji hawakukawia. Baadhi ya epigramu zilitoka mwaka 1613, nyingine 1615, na mwaka 1618 kikatoka kitabu cha sehemu nne chenye zaidi ya mashairi 300. Mpangilio wake si ule wa hati alizoziandaa mwenyewe, ambamo shairi la ndoa lilijibiwa na shairi lililokaa karibu nalo. Msomaji wa 1618 alinunua vichekesho vya mtu mashuhuri aliyekufa. Lililopata umaarufu kuliko yote ni lile fupi la uhaini, nalo halimhusu Mall wala mama yake.

Nakala ya Lady Rogers ilinusurika. Iko katika maktaba ya chuo kikuu cha Cambridge, na epigramu zake 52 bado zimefungwa nyuma ya Ariosto.